Lobisomem: ile «s» ya katikati imetoka wapi?

Swali limetoka kwa msomaji anayefasiri hadithi za Brazil kuzileta kwenye Kiswahili: «Mwalimu, shikamoo. Nimekutana na neno *lobisomem*, yaani yule mtu anayegeuka mbwa mwitu usiku. Kamusi yangu inasema ni *lobo* (mbwa mwitu) na *homem* (mtu, mwanamume), basi. Lakini nikiyaunganisha hayo mawili sipati *lobisomem*. Hiyo *-is-* imetoka wapi? Kwa nini wasiseme *homem-lobo*? Na kwenye maandishi ya zamani naona *lobishomem*, *lobis-homem*, hata *lobisome*. Ni neno lile lile? Nikishaelewa, nilitafsirije?»

Marahaba, ndugu. Kamusi yako haikukosea, ila imekuacha nusu ya njia. Kusema neno limetokana na *lobo* na *homem* ni kutaja wazazi wake tu. Kazi ya etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, ni kuonyesha kila sauti iliyomo ilifikaje hapo ilipo. Sauti moja ikibaki bila maelezo, ama tumekosea wazazi, ama kuna hatua tumeiruka. Katika *lobisomem* sauti zilizobaki ni mbili, *i* na *s*, na hizo ndizo zenye habari nyingi kuliko vipande vyote vingine.

Tuanze upande usio na ubishi. *Lobo* ni Kilatini *lupus*. Nomino nyingi za Kireno hazikutoka kwenye umbo la mtenda (*lupus*, mbwa mwitu anapofanya jambo) bali kwenye umbo la mtendwa (*lupum*, mbwa mwitu anapofanyiwa). Hilo likumbuke, maana tutalihitaji baadaye. Kutoka *lupum* hadi *lobo*, *m* ya mwisho ilidondoka mapema, tangu zama za Warumi wenyewe. *U* fupi yenye mkazo ikawa *o*, kama *bucca* ilivyozaa *boca* (mdomo), na *u* ya mwisho nayo ikaishia kwenye *o*. Kisha *p* iliyobanwa kati ya irabu mbili ikapata mghuno ikawa *b*: ndivyo *sapere* ilivyokuwa *saber* (kujua) na *ripa* ikawa *riba* (ukingo). Hakuna hatua hata moja hapa iliyobuniwa kwa ajili ya neno hili peke yake, na ndiyo maana tunaiamini.

*Homem* ni Kilatini *hominem*, umbo la mtendwa la *homo*. *H* ilishaacha kutamkwa na watu wa kawaida kabla Kireno hakijazaliwa. Kireno kina tabia ya kudondosha *n* iliyo kati ya irabu na kuiachia irabu jirani sauti ya puani, kwa hiyo *hominem* ikapita *homẽe* ikafika *homem*. Ile *-em* ya mwisho haifungwi kwa midomo, ni irabu inayotokea puani. Mwendo huo huo uliipeleka *ordinem* hadi *ordem* (mpangilio, amri), *virginem* hadi *virgem* (bikira), *imaginem* hadi *imagem* (picha). Kihispania kilishika njia yake: kilimeza *i* ya kati, kikapata *homne*, halafu *homre*, na *b* ikachomoza kuwatenganisha *m* na *r*: *hombre*. Ukiona *-omem*, basi, ujue uko Ureno, na ukiona *-ome* bila sauti ya puani, uko Galisia, juu ya mpaka wa Ureno, au kwenye vinywa vya wakulima wa Ureno na Brazil, ambao husema pia *home* badala ya *homem* na *viage* badala ya *viagem*. *Lobisome* unayoiona kwenye mashairi ya kienyeji ya Brazil ni hiyo. Si neno jingine, wala si kosa la chapa.

Sasa *s*. Kwanza isikilize. Mbrazili hutamka jambo lililo karibu na *lobizómei*, mkazo kwenye *zo* na mwisho puani. Mtu wa Lisbon husema karibu na *lubizómai*. *S* imeandikwa, *z* inasikika, kwa sababu *s* moja kati ya irabu mbili ndivyo inavyotamkwa kwa Kireno. Sisi tuna ushahidi wa jambo hili nyumbani: Wareno waliandika *mesa*, Waswahili wakachukua walichosikia, *meza*. Na *lenço*, yenye *ç*, ikawapa *leso*, hawakusema *lezo*.

Lakini angalia tahajia ya zamani: *lobishomem*. Macho yanaona *s* ikifuatwa na *h*, na msomaji aliyezoea Kiswahili au Kiingereza atavutwa kusoma *sh*. Hapana. *S* ni mwisho wa kipande cha kwanza, *h* ni mwanzo wa kipande cha pili, na kwa kuwa *h* ni bubu, *s* inakutana na *o* uso kwa uso. Sikiliza Wareno wakisema *os homens* (wanaume): hutoka *uz-ómens*, kwa *z*. Wakisema *os patos* (mabata), Lisbon utasikia *ush patos*, kwa sababu mbele ya *s* kuna konsonanti. *Lobisomem* inafuata *os homens* hatua kwa hatua. Neno lenyewe, kwa jinsi linavyotamkwa, bado linakumbuka mshono ulipo: *lobis* | *homem*.

Hapa ndipo mtu makini anaweza kuleta pingamizi nzuri. Kireno kina *z* inayochomekwa ili irabu mbili zisigongane: *café* huzaa *cafezinho* (kikahawa), *pé* huzaa *pezinho* (kiguu), *pai* huzaa *paizinho*. Je, kipande cha kwanza hakikuwa *lobi-* tu, kikakutana na *omem*, *z* ikachomekwa, na waandishi wakaiandika kwa *s* kimakosa? Kwa sikio la Mreno wa leo huwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu *s* ya *casa* na *z* ya *fazer* zimekuwa sauti moja. *Coser* (kushona) na *cozer* (kuchemsha) hazitofautiani kwa kusikia. Inabidi kumtafuta shahidi ambaye kwake sauti hizo hazijachanganyika.

Shahidi huyo ni Kigalisia, lugha ya kaskazini-magharibi mwa Hispania, juu tu ya mpaka wa Ureno. Enzi za kati hizi zilikuwa lugha moja. Katika Kigalisia sanifu sauti hizo mbili bado ni mbili: *s* ni kama *s* yetu, na ile nyingine, inayoandikwa *c* au *z*, ni kama *th* ya *thelathini*. Pale Kireno kinapoandika *fazer*, *cozinha*, *cafezinho*, Kigalisia kina *facer*, *cociña*, *cafeciño*, zote kwa *th*. Pale Kireno kina *casa* na *rosa*, Kigalisia nacho kina *casa* na *rosa*, kwa *s*. Na mbwa mwitu mtu? *Lobishome*, linalotamkwa *lobisóme*, kwa *s*. Kama ingekuwa *z* ya kuchomeka, tungetazamia *lobizome* yenye *th*. Kwa hiyo *s* ni *s* halisi, ya zamani kuliko kutengana kwa lugha hizi mbili, na ni mali ya kipande cha kwanza. Mimi huu ndio ushahidi ninaoupa uzito wa kwanza katika suala zima.

Onyo dogo hapo hapo: ukiona Kihispania cha Argentina na Uruguay kinaandika *lobizón* kwa *z*, usiichukue kama ushahidi wa upande wa pili. Huko *s* na *z* hutamkwa sawa, kwa hiyo mwandishi anachagua herufi tu, na utakuta *lobisón* pia.

Tukishakubali kuwa *s* ni ya kweli, tunauliza ilikuwa nini kwa Kilatini. Dhana zinazostahili kupimwa ni tatu. Ya kwanza ni *lupi homo*, «mtu wa mbwa mwitu», kwa umbo la umilikaji. Inakupa *i* bure, lakini *s* huipati popote. Ya pili ni *lupus homo*, «mbwa mwitu-mtu», nomino mbili sambamba, zote katika umbo la mtenda. Inakupa *s* mahali pake hasa, lakini irabu yake ni *u*, na kwa kawaida ingetupa *lobosomem*. Ya tatu ni *lupis*, umbo la wingi lenye maana ya «kwa mbwa mwitu» au «pamoja na mbwa mwitu». Hii inakupa *i* na *s* kwa mkupuo, na kwa sababu hiyo inavutia sana kwenye karatasi. Tatizo lake ni sarufi: umbo hilo lilitoweka katika usemi wa kila siku mapema sana, na Kilatini hakikuwa na desturi ya kuunda jina la kiumbe kwa kulitanguliza. Dhana inayolingana na sauti zote lakini hakuna msemaji ambaye angeweza kuitamka haifai.

Ninaegemea ile ya pili. Swali lake la kwanza ni kwa nini *s* ya mtenda ibaki wakati tumesema nomino za Kireno zilitoka kwenye mtendwa. Jibu ni kwamba kuna maneno machache yaliyookoka, na yana tabia inayofanana: ni majina ya kuita na kutaja. *Deus* (Mungu) ni umbo la mtenda la Kilatini lilivyo, kwa sababu watu walilisikia na kulitamka hivyo katika ibada. *Carlos* na *Marcos* nayo yana *s* hiyo hiyo. Kiumbe anayetajwa kwa hofu, aitwaye kwa jina kamili la maneno mawili, ana nafasi nzuri ya kushika umbo la kutajwa kuliko la kutendwa.

Swali lake la pili ni *i*. Irabu isiyo na mkazo iliyo katikati ya neno refu ndiyo dhaifu kuliko zote, na hupenda kufuata mkondo wa maneno mengine yenye muundo kama wake. Mkondo huo upo, na una nguvu. Kireno huunganisha nomino na kivumishi kwa *i*: *boca* na *aberto* hutoa *boquiaberto* (aliyeachama mdomo kwa mshangao), *ponta* na *agudo* hutoa *pontiagudo* (chenye ncha kali), *perna* na *longo* hutoa *pernilongo* (mwenye miguu mirefu, na huko Brazil ndilo jina la mbu). Msemaji aliyezoea maneno hayo akikutana na *lobus-homem*, ulimi wake unaizoa irabu ya kati na kuigeuza *i*. Uzito wa madai haya haulingani, na inafaa uuweke hivyo kichwani: *lobo* na *homem* ni hakika; *s* ya asili ni hakika kwa ushahidi wa Kigalisia; *lupus* ya mtenda ni dhana yenye nguvu; *i* ya mkondo ni maelezo yanayofaa, lakini ndiyo sehemu ambayo wataalamu wana haki ya kuendelea kubishania.

Katika kutafuta mfano wa *-is-* nyingine utakutana na *cabisbaixo*, «aliyeinamisha kichwa», na wengi hushangilia hapo: tazama, *-is-* ni kiungo! Usikubali haraka. Ndugu yake wa Kihispania ni *cabizbajo*, na *z* ile ni masalio ya *cabeza*, kichwa. Yaani *s* ya *cabisbaixo* ni kipande cha neno *cabeça* lililokatwa, wala si gundi iliyowekwa katikati. Maneno mawili yanafanana kwa nje na ndani hayana uhusiano. Vivyo hivyo ukisoma mahali kwamba *-bis-* ni «mara mbili» kwa sababu kiumbe ana maumbo mawili, weka kando. *B* ni ya *lobo*, tumeshaona ilivyotoka kwenye *p*, na ukiikabidhi kwa *bis* unabaki na *lo-* isiyo na maana yoyote.

Kosa la namna hiyo, la kukata neno kwa kisu cha lugha isiyo yake, limelikumba pia jina jingine utakalokutana nalo kwenye hadithi za Brazil: *boitatá*. Macho ya Mreno yanaona *boi*, ng'ombe dume, na wako wanaomchora na pembe. Neno ni la Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazil. *Tatá* ni moto, na padre José de Anchieta, katika barua yake ya mwaka 1560, aliliandika *baetatá* na kulieleza kuwa ni «kitu cha moto».

Umeuliza kwa nini si *homem-lobo*. Kireno cha leo huweka kiini mbele na kibainishi nyuma. *Homem-rã*, mtu-chura, ni mzamiaji: ni mtu, na chura anambainisha. Kwa kanuni hiyo *lobisomem* inasema kiini ni mbwa mwitu, na utu ndio sifa yake. Ukizunguka Ulaya utaona majina yamegawanyika hasa kwenye nukta hiyo. Kiitaliano *lupo mannaro* kina *lupo* mbele, na *mannaro* hutolewa kwenye Kilatini *hominarius*, «wa kibinadamu»: ni mbwa mwitu wa namna ya mtu. Kiingereza *werewolf* na Kijerumani *Werwolf* vimeweka kiini nyuma, kama ilivyo ada ya lugha hizo: *wer* ni mwanamume katika Kiingereza cha kale, ndugu wa Kilatini *vir*, na kiini ni *wolf*. Huyo naye ni mbwa mwitu kwanza. Kigiriki *lykanthropos* na Kihispania *hombre lobo* vinasema kinyume: ni mtu, na umbwa mwitu ni sifa.

Kifaransa kina kisa chake kizuri. Wafranki walikuwa na neno lao la Kijerumani, *wer* na *wulf* ndani yake, likabanwa na vinywa vya Wafaransa hadi likawa *garou*. Gervase wa Tilbury, mwandishi Mwingereza, akiandika mapema karne ya 13, anataja kwamba Wafaransa huwaita watu wa namna hii *gerulfi*, na Waingereza *werewolf*. Baadaye *garou* haikusikika tena kuwa na mbwa mwitu ndani yake, watu wakaongeza *loup* mbele: *loup-garou*, ambalo ukilipekua lote linasema «mbwa mwitu mtu-mbwa mwitu». Sasa fikiria: Ureno ya kaskazini na Galisia zilitawaliwa na Wasuebi, watu wa Kijerumani, kuanzia mwanzo wa karne ya 5 hadi mwaka 585, kisha na Wavisigothi. Pamoja na utawala huo wote, jina la kiumbe huyu halina tone la Kijerumani. Ni Kilatini cha mashambani, na tena si kile cha vitabu, maana waandishi wa Roma walikuwa na neno lao, *versipellis*, «mgeuza ngozi», ambalo Plinius analitumia katika karne ya 1 anapozikataa habari za watu kugeuka mbwa mwitu.

Muundo wa kiini mbele una mfano ulio karibu na pwani yetu. Frei João dos Santos, mmisionari Mdominika aliyekaa Sofala, katika kitabu chake *Ethiopia Oriental* kilichochapwa Évora mwaka 1609, anaeleza samaki wa bahari ile anayeitwa *peixe-mulher*, «samaki-mwanamke». Ni nguva. *Peixe* mbele, *mulher* nyuma: ni samaki, na uanamke ndio sifa, mpangilio ule ule wa *lobisomem*. Tofauti iko kwenye umri wa mshono. *Peixe-mulher* bado unaona maneno mawili na kistari kati yake, na kwenye wingi kipande cha kwanza hubadilika: *peixes-mulher* au *peixes-mulheres*. *Lobisomem* imeshaungana kabisa, kwa hiyo wingi hugusa mwisho tu: *lobisomens*. Hakuna *lobosomens* wala *lobishomens* katika tahajia ya leo. Alama ya mkazo haihitajiki popote, kwa sababu neno la Kireno linaloishia *-em* au *-ens* husomwa kwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho isipoonyeshwa vingine. Ndiyo maana *também* na *armazém*, zenye mkazo mwishoni, zinavaa alama na hili halivai.

Tahajia sasa, maana bila hiyo utapotea ukitafuta maandishi ya kale. *H* ya katikati iliandikwa kwa karne nyingi. Katika *Cancioneiro Geral*, mkusanyo wa mashairi wa Garcia de Resende uliochapwa mwaka 1516, neno limo tayari, tena kama tusi la kumrushia mtu katika mashairi ya kejeli, jambo linaloonyesha kwamba lilikuwa la kila siku. Marekebisho ya tahajia ya Ureno ya mwaka 1911 yaliondoa *h* bubu ndani ya maneno: *deshumano* ikawa *desumano*, *inhabil* ikawa *inábil*, *prohibir* ikawa *proibir*, na *lobishomem* ikawa *lobisomem*. Brazil ilifika huko rasmi kwa kanuni za mwaka 1943. Kwa hiyo *h* ikiwepo, unasoma chapa ya zamani au mtu aliyenakili chapa ya zamani; haikupi maana tofauti.

Ukitafuta kwenye maktaba za kidijitali, usiandike umbo moja. Jaribu *lobisomem*, *lobishomem*, *lobis-homem*, *lobishome*, *lobisome*, na yale yenye *lu-* mwanzoni, *lubisomem* na *lubishomem*, kwa sababu *o* isiyo na mkazo hutamkwa *u* na waandishi waliandika walivyosikia. Halafu kuna mtego ambao huwakosesha wengi: kwenye vitabu vilivyochapwa kabla ya karne ya 19, *s* ya katikati ya neno mara nyingi ni ile ndefu, *ſ*, na programu za kusoma picha za kurasa huidhania kuwa *f*. Andika *lobifhomem* kwenye kisanduku cha kutafutia. Linaonekana kama upuuzi, lakini hapo ndipo kurasa zilizofichika hutokea. Ukilipata, fungua picha ya ukurasa wenyewe na uhakikishe kwa macho. Usinakili matokeo ya programu.

Kuhusu safari ya neno, itoshe kujua haya. Brazil haina mbwa mwitu wa Ulaya. *Lobo-guará*, mnyama mwekundu mwenye miguu mirefu, ni jamii nyingine, aliyepewa jina na wageni. Jina *lobisomem* lilivuka bahari na watu pamoja na imani zao, na ndiyo maana huko kiumbe mara nyingi huelezwa kama mbwa mkubwa, nguruwe au ndama badala ya mbwa mwitu. Kutoka kusini mwa Brazil lilivuka hadi nchi za Río de la Plata. *Lobisome* ikasikika kwa Wahispania kama neno lenye *-ón* ya ukubwa, ikawa *lobizón*. Waguarani, wenyeji wa Paraguay na jirani zake, wakaipokea ikawa *Luisón*, nao wakampa nafasi ya mwisho kati ya watoto saba wa Tau na Kerana katika visasili vyao. Utasoma pengine kwamba rais wa Argentina huwa baba wa ubatizo wa mtoto wa saba wa kiume ili asigeuke *lobizón*. Desturi ipo, na ilitiwa kwenye sheria namba 20.843 ya mwaka 1974, lakini ilianza mwaka 1907 kwa ombi la familia ya wahamiaji waliotoka Urusi, ambako desturi kama hiyo ilikuwepo. *Lobizón* amebandikwa juu yake baadaye.

Galisia yenyewe iliacha kumbukumbu ya mahakamani. Manuel Blanco Romasanta alishtakiwa huko Allariz mwaka 1852 kwa mauaji kadhaa, akajitetea kuwa laana ilimgeuza mbwa mwitu. Alihukumiwa kifo mwaka 1853, na Malkia Isabel II akambadilishia adhabu. Kwa Kigalisia huitwa *lobishome*, jalada la Kihispania likaandika *hombre lobo*. Mtu yule yule, kiini kimehamia upande wa pili.

Kwa tafsiri yako, ningefanya hivi. Mara ya kwanza neno linapotokea, liache kwa Kireno na ulifafanue ndani ya sentensi: «lobisomem, mtu ageukaye mnyama usiku». Usiandike *zimwi*, kwa kuwa zimwi la hadithi zetu halikuzaliwa na mama wa jirani, wala *jini*, kwa kuwa huyu si kiumbe wa roho bali binadamu mwenye mkosi. *Mtu-mbwamwitu* linafaa ukihitaji neno la Kiswahili tupu, ila fahamu kwamba umekaa upande wa Kihispania, mtu kwanza. Ukitaka mpangilio wa Kireno ni *mbwamwitu-mtu*, ambalo halitembei vizuri mdomoni. Mimi ningechagua la kwanza bila kusita. Na kama hadithi ni ya Brazil na mnyama ameelezwa kama nguruwe, usimwite mbwa mwitu kabisa; hapo *lobisomem* pekee ndilo linalokuokoa.

Angalia pia msemo *correr o fado*. Si muziki wa Lisbon. *Fado* ni Kilatini *fatum*, kile mtu alichoandikiwa. Lobisomem hukimbia usiku kwa kuwa ndiyo majaliwa aliyopangiwa, kwa hiyo «kukimbilia majaliwa yake» au «kutimiza alichoandikiwa kwa mbio» ni karibu zaidi na maana kuliko «kucheza» au «kuimba». Mtoto wa saba, kaka mkubwa anayetakiwa kuwa baba wa ubatizo ili kumkinga mdogo wake, na jeraha dogo linalotoa damu na kuvunja laana ni sehemu za imani hiyo hiyo katika Ureno na Brazil. Ukiyakuta kwenye hadithi, usiyafupishe, yanashikamana.

Ukikutana na *lobismulher*, mwanamke wa aina hii, furahi kidogo: mtunzi ameondoa *homem*, ameweka *mulher*, na *lobis-* amelibakiza zima na *s* yake. Msemaji wa leo bado anakata neno mahali pale pale.

Kwa upatanisho wa kisarufi, lichukulie kama *simba* au *mamba*: lobisomem huyu amekimbia, lobisomem wawili wamekimbia. Usilivike *ma-* huku umeliacha na *-ens* ya Kireno mwishoni, maana hapo utakuwa umelipa wingi mara mbili. Na kama mchapishaji wako anataka maneno ya kigeni yaandikwe kwa mlazo, fanya hivyo mara ya kwanza tu, kisha liandike wima hadi mwisho wa hadithi.